Bakuli la Kushoto

Sugisawa, Novemba 1977, figili ziko upenuni

Seiroku mjukuu wangu,

Mimi mzima, goti tu ndilo halitaki. Nimeanika figili zote peke yangu, kwa hiyo usije ukaniuliza kama bado nina nguvu. Naandika kwa zile herufi ulizonifundisha ulipoanza shule, umekaa mapajani mwangu na kitabu chako, na mimi nikakulipa kwa kukufundisha shogi, sataranji yetu. Wewe leo ni bingwa wa dani ya nane, ngazi ya karibu na kilele, unatajwa magazetini, mimi bado mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga masizi. Basi ndiyo hivyo, mmoja wetu alifundishwa vizuri zaidi.

Nina neno. Nimelikalia tangu Sikukuu ya Wafu, na neno likikaliwa sana linaoza. Ulikuja na mkeo Fusae, nikapika mchele wa shamba letu. Supu ulikunywa. Samaki ulikula, achari ukatafuna. Bakuli la wali hukuligusa. Lilikuwa pale kushoto kwako, mahali pake, likifuka mvuke kama mtu aliyenyimwa salamu, na wewe ukaweka vijiti chini ukasema umeshiba. Fusae aliona haya, akaula yeye. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni, lakini nilijisemea moyoni: haya, Tokyo imeshamla huyu, sasa wali wa mlimani unamkwaruza koo.

La pili. Kinyozi wetu ana televisheni, na anasema siku hizi mbele ya ubao unakaa upandeupande, shingo umeigeuza kushoto, kama bwana mkubwa asiyetaka kumtazama mwenzake usoni. Eti ni maringo. Nikamwambia anyoe vichwa vya watu, cha mjukuu wangu akiache. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa nikafikiri.

Juzi nimemwota baba yako. Kasimama mlangoni, bega la kushoto limegonga nguzo. Sikuipenda ndoto hiyo.

Mwendo wangu katika mchezo wetu wa barua: farasi wa kulia, aruke. Na usiniambie unacheza kwa kichwa tu. Hizo kete alizichonga babu yako kwa mikono yake, zinataka kuguswa.

Kula wali.

Bibi yako,
Towa

---

Tokyo, 27 Novemba 1977

Shikamoo Bibi,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Nisamehe kwa ule wali. Siku ile tumbo lilikuwa limenigeuka kwa safari ya treni, na nikaona aibu kusema mbele ya wageni. Wali wako hauna mfano, na Tokyo haijanila.

Hilo la kukaa upandeupande ni goti. Nimerithi la kwako. Tunakaa juu ya jamvi toka asubuhi hadi jioni, mtu lazima ajisogeze. Mwambie kinyozi akazane na wembe wake.

Habari njema ni kwamba nimeshinda tena. Katika daraja la kwanza sasa tunaongoza wawili, mimi na Kageyama. Nikienda hivi hivi, mapema mwezi wa tatu tutakutana yeye na mimi, na atakayeshinda ndiye atakayemkabili mkuu wa shogi kugombea taji. Bibi, nilitoka Sugisawa nina miaka kumi na miwili na furushi moja. Sijawahi kufika karibu hivi. Kwa hiyo usiniletee ndoto zako sasa, tafadhali.

Kete za babu zipo chumbani kwangu, juu ya ubao, nazipangusa kila asubuhi. Mwendo wangu huu hapa: yule askari wako niliyemteka namrudisha uwanjani kwa upande wangu. Namweka kwenye safu ya mwisho kabisa, mkono wangu wa kushoto, hatua mbili mbele ya kete yangu ya mkuki.

Fusae anakusalimu. Jifunike vizuri, nasikia kumeanza baridi huko.

Seiroku

---

Sugisawa, Desemba, theluji ya kwanza

Seiroku,

Wewe mtoto unanifanya mimi nani?

Nimeupanga ubao hapa mbele yangu nikaweka huyo askari wako pale uliposema. Safu hiyo tayari una askari wako mwingine, yuko pale tangu mwezi wa kumi. Askari wawili wa mtu mmoja katika safu moja. Hata mtoto anayechezea mavi ya kuku uani anajua kwamba hapo hapo umeshindwa, hata kama ulikuwa umemkaba mfalme wa mwenzio. Na bingwa wa dani ya nane hajui?

Unajua. Umeniachia nishinde. Umekaa huko ukamwambia Fusae, masikini bibi, mzee yule, tumpe kidogo afurahi. Mimi nimemzika mume, nimemzika mwanangu, nimekulea wewe, na sijawahi kumwomba mtu anirushie mfupa. Babu yako aliwahi kuniachia mara moja tu, wakati tumeoana juzi, nikamlaza nje na mbuzi.

Mchezo huo siuhesabu. Mpaka wewe mwenyewe useme kwa kinywa chako kwamba umeshindwa, mimi sijashinda kitu.

Towa

---

Sugisawa, Desemba, siku mbili baada ya ile nyingine

Seiroku mwanangu,

Ile barua ya hasira ukiipata iweke motoni. Soma hii.

Leo nilikuwa napanga sinia langu la chakula cha mchana. Supu kulia, wali kushoto, kama tulivyofanya maisha yote. Nikalishika bakuli la wali, na hapo hapo nikaliweka chini. Nimekaa sakafuni mpaka supu ikaganda.

Wali ulikuwa kushoto. Askari alikuwa kushoto. Shingo unaigeuzia kushoto. Na yule niliyemwota, bega lililogonga nguzo lilikuwa la kushoto.

Hukunidharau. Hukuniachia nishinde. Hukuona.

Sasa nakuuliza, na usinijibu habari za tumbo wala goti. Kaa wima, tazama mbele yako, nyosha mkono wa kushoto pembeni, chezesha vidole. Unaviona?

Naogopa, Seiroku. Naandika na nyumba nzima inasikia moyo wangu.

Bibi yako

---

Tokyo, 3 Januari 1978

Bibi,

Sivioni.

Nimengoja mwaka mpya upite ndipo nikujibu, nikidhani nitapata namna nzuri ya kusema. Hakuna. Ilianza wakati wa mvua za mwezi wa sita. Si giza, Bibi. Giza ningelijua. Upande ule haupo tu, kama chumba ambacho hukujua kama nyumba inacho. Ukinipa bakuli upande ule, kwangu mimi hakuna bakuli. Nilipotazama ubao wetu, safu ile haikuwapo mpaka nilipogeuza kichwa, na siku ile sikugeuza. Barua yako ya hasira ilipofika ndipo nikajua nimefanya nini.

Kwenye mashindano nageuza shingo kabla ya kila mwendo. Wenzangu wanaona ni maringo, na mimi nawaacha waone hivyo.

Nimekwenda kwa daktari, mbali na mtaa wetu, kwa jina lisilo langu. Wana mashine mpya ya kupiga picha ndani ya kichwa. Amenionyesha kitu kama kokwa ya plamu, kimekaa nyuma upande wa kulia, na kulia ndiko kunakoonea kushoto. Amesema wanifungue kichwa, na nisingoje maua ya mwezi wa nne.

Unamkumbuka baba alivyorudi kutoka hospitali, kichwa kimefunguliwa. Nilikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyemshika mkono kutoka kituoni. Aliniuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, "Bwana mdogo, nyumba hii ni ya nani?" Alikuwa amekuja kwake. Alimshinda kila mtu wilayani katika shogi, na nilipompa kete akaiweka mdomoni.

Wakinifungua nami nikaweka kete mdomoni, nitakuwa nani? Nitamaliza kwanza mchezo wa mwezi wa tatu. Ndiyo hiyo tu, mchezo mmoja. Halafu wafanye watakavyo.

Fusae hajui. Nakuomba asijue.

Seiroku

---

Sugisawa, Januari, theluji imefika madirishani

Mume wangu mdogo,

Nimekuita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuita ukiwa na kamasi, na leo unaogopa kama wa siku zile. Na mimi pia. Tusidanganyane. Nimekuwa nikisoma barua yako mpaka karatasi imelegea.

Sasa sikiliza habari za baba yako, maana ulikuwa mdogo na umeshika nusu.

Eikichi alianza kugonga nguzo wakati wa kupanda mpunga. Kijiji kikasema ni pombe. Yeye alijua si pombe. Daktari wa mjini alimwambia aende mara moja, naye akasema, "Baada ya mavuno." Mama yako alilia, mimi nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa herufi hizi za watoto, na yeye kila mara jibu lake lilikuwa moja, taratibu, kama wewe: mavuno tu, ndiyo hiyo tu, halafu wafanye watakavyo. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Tuliyaingiza ghalani, ndipo akaenda, na kile kitu kilikuwa kimeshakula nyumba nzima. Kisu hakikumwibia mtu akili, Seiroku. Kilichomwibia ni kungoja.

Na jingine. Unadhani hakuwa mtu tena. Wewe ulikimbilia kwenye ubao wako, ulikuwa mtoto, una haki. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Hakujua jina langu. Lakini nilipomletea kiazi kitamu kutoka majivuni, alikikata katikati akanipa nusu kubwa. Kila siku, nusu kubwa, kwa mama mzee asiyemjua. Theluji ilipoporomoka paani alicheka mpaka akashika mbavu. Unaniuliza utakuwa nani. Utakuwa yule mwenye kutoa nusu kubwa, na nitakulisha mimi, na atakayecheka nitamvunja meno.

Lakini sitaki hilo. Nakutaka mzima, ukinitukana mezani kwamba nacheza pole pole.

Babu yako alipenda jambo moja katika shogi kuliko yote. Alisema, katika mieleka mtu huangushwa, watu wote wakaona. Katika shogi hakuna anayekuangusha. Lazima uinamishe kichwa wewe mwenyewe useme, nimeshindwa. Hakuna awezaye kukusemea, si mwamuzi, si mwenzako, si bibi yako. Ndiyo maana wanaume wengine hukaa mbele ya mfalme aliyekwisha kufa, jasho linawatoka, mdomo haufunguki.

Mfalme wako wa mwezi wa tatu ameshakufa, mwanangu. Fungua mdomo.

Fusae sitamwambia. Nakuachia wewe. Lakini ukifika mwezi wa tatu bado unageuza shingo, nitapanda treni, mimi ninayetapika kwa harufu ya treni tu, nitakuja kukaa mlangoni pa huko mnakochezea na viatu vyangu vya majani, na nitamwambia kila mpita njia.

Towa

---

Tokyo, 16 Februari 1978

Bibi,

Usije. Na tafadhali usiniandikie tena kabla ya mchezo.

Ni tarehe mbili ya mwezi wa tatu, katika nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, pande za Izu. Nimeisoma michezo yote ya Kageyama ya miaka mitano. Najua nitamshinda. Nimeona namna yake yote, tangu mwendo wa kwanza.

Jana niliteleza kwenye ngazi za kituo. Si kitu, ni mkono tu umechubuka. Ngazi ziliishia mahali nisipopategemea.

Mwendo wa mchezo wetu sina. Nakumbuka ulisema huuhesabu.

Seiroku

---

Tokyo, 4 Machi 1978

Bibi, shikamoo,

Mimi ni Fusae. Utashangaa kuona mwandiko wangu. Usikae kwa hofu kabla hujafika mwisho: Seiroku yu hai, amelala chumba cha pili wakati naandika.

Juzi alicheza. Sikuwapo, lakini simu iliita karibu na wakati wa kuwasha taa, na baadaye yule mtunza saa wa mchezo alinieleza yote, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelewa. Anasema Seiroku alikuwa anashinda, tena wazi. Kageyama alikuwa ameanza kurekebisha ukosi wa kimono chake, kama wanavyofanya wanapojitayarisha kuinama. Kilichobaki ni Seiroku kumweka askari mmoja, upande wa kushoto. Akamchukua askari kwenye kibao cha mateka, akamshika hewani juu ya safu. Akangoja hivyo. Chai iliyokuwa karibu naye ikapoa. Halafu hakuutazama ubao tena, akamtazama Kageyama usoni, kisha akamrudisha askari kwenye kibao, akaweka kiganja juu yake, akainamisha kichwa.

"Nimeshindwa," akasema.

Kageyama hakuinama. Alimuuliza kwa jina la ukoo, "Bwana Ukai, umeshindwa nini?" Naye akamjibu kwamba hajui, hata akigeuza shingo, kama kwenye safu ile kuna askari wake au hakuna, kwamba alikuwa anataka kusoma jibu usoni pa mwenzake, na mtu anayesoma usoni pa mwenzake hachezi shogi.

Baadaye akanipigia. Alisema, "Fusae, njoo unichukue, siwezi kuona njia ya nyumbani." Alikuwa analia.

Bibi, na mimi nina langu. Alidhani sijui. Tangu mwezi wa kumi nimekuwa nikimwekea wali kulia na supu kushoto, najifanya nimechoka nimekosea. Niliogopa mkosi, maana hivyo ndivyo anavyopangiwa marehemu. Lakini nilitaka ale. Aliula kila siku, na tumeishi hivyo kama watu wawili wanaobeba kioo kwenye ngazi.

Magazeti leo yanasema amepatwa na woga mbele ya taji. Waseme.

Watamfungua Ijumaa. Madaktari wanasema kile kitu kichwani kimekua tangu Desemba, lakini hawakusema wamechelewa. Hawakusema pia kwamba hawakuchelewa. Tafadhali njoo. Peke yangu siwezi.

Mkaza mjukuu wako,
Fusae

---

Sugisawa, Machi, barabara ni matope

Fusae binti yangu, hii atakuletea kwa mkono mtoto wa kinyozi, anapanda treni ya asubuhi. Mimi nitafuata na ya mchana, nangoja nguo zikauke. Wewe umefanya vema. Marehemu hawatakasirika, wanajua maana ya mtu kula.

Karatasi iliyokunjwa ndani si yako. Ni ya Seiroku, atakapofumbua macho, kama sitakuwa pale au kama mdomo wangu utakataa. Kama hatajua kusoma, msomee.

*

Wewe uliyelala,

Kama unajua huyu ni nani anayeandika, itupe karatasi hii na uniite nikuletee chakula.

Kama hujui, usiogope, nitakwambia. Mimi naitwa Towa. Ni bibi yako. Nina goti bovu na mdomo mchafu. Wewe unaitwa Seiroku, ni wa kwetu, na hukufanya kosa lolote. Mwanamke mwenye macho mekundu hapo kando ni mkeo, anaitwa Fusae, mshike mkono, hauumi. Ukipewa kitu cha mbao chenye pembe tano usikitie mdomoni, lakini ukikitia pia si kitu, nitakiosha.

Huhitaji kunijua leo. Kesho nitakuja nikwambie tena. Na keshokutwa. Mimi sichoki, muulize yeyote.

Towa

---

Tokyo, Mei 1978

Bibi,

Hii ndiyo barua yangu ya kwanza tangu urudi Sugisawa. Unaona herufi zangu? Ni zile zile zako, za kuku na masizi. Zile ngumu mkono wangu bado unazitafuta. Na vitu vingine havina jina. Asubuhi nilimwomba Fusae kile cha kuchotea supu, nikachora hewani mpaka akacheka. Nami nikacheka, halafu nikaogopa, halafu likapita.

Daktari anasema upande wa kushoto umerudi kiasi, kama dirisha lenye ukungu, na labda ukungu utafutika zaidi na labda hautafutika. Wenzangu wamekubali nipumzike mwaka huu, nitarudi nikiwa nimeshuka daraja. Kageyama amekuja kunitazama. Taji hakulipata. Alikaa kitandani pangu, hakusema habari za mchezo hata kidogo, akanimenyea tunda. Alipokuwa anatoka alinong'ona kwamba safu ile haikuwa na askari wangu. Ningemweka, ningeshinda. Nimeyafikiri hayo usingizi ukinikataa. Naomba siku moja yaache kuniuma.

Ile karatasi yako ninayo. Nilikujua tangu ulipofungua mlango, kwa harufu ya figili, lakini sikusema mara moja. Nilitaka ujitambulishe kwangu mpaka mwisho.

Fusae ameanza kuweka wali kushoto. Kila siku nageuza kichwa, ninautafuta, naupata. Jana niliupata bila kugeuza.

Sasa lile deni la maneno. Mchezo wetu wa mwaka jana, askari wawili safu moja. Bibi, nimeshindwa.

Nimeupanga ubao upya kwa kete za babu. Umeshinda, kwa hiyo mimi naanza. Mwendo wangu: askari wa mwisho kabisa, pembeni, mkono wa kushoto. Anasogea mbele hatua moja.

Nimemwona, Bibi.

Seiroku

---

Sugisawa, Mei, tunapanda mpunga

Seiroku,

Barua yako imenikuta shambani, maji magotini. Nimeisoma hapo hapo na wengine wakangoja na miche mikononi, kinyozi akiwemo, hatutamaliza leo.

Mwendo wako ni mbaya. Askari wa pembeni mwanzo wa mchezo, nani kakufundisha? Mimi sikukufundisha hivyo. Namsogeza wa kwangu wa katikati, na nitakuja kukuchapa.

Nalia kidogo, usijali, ni jua.

Cheza kwa nguvu zako zote, hata zikiwa chache. Ukiniachia, nitajua.

Bibi yako,
Towa